Moto Ulioanzia Darini

Mtungi wa gesi ulikuwa mzito, na hilo ndilo lililomkera Inspekta.

Aliuinua kwa mkono mmoja, ukamshinda, akautua juu ya matofali yaliyomwagika sakafuni. Alikuwa mwanamke mfupi wa makamo. Kituoni askari wenzake walimwita Bi Rula, kwa sababu hakuwahi kuandika "hatua chache" kwenye ripoti yake hata siku moja. Alichomoa rula ya mbao mkobani, akapima. Asubuhi hiyo ya Jumamosi rula haikumtosha.

"Nitafutie mizani," alimwambia Sajini wa zimamoto.

Sajini, mwanaume mrefu ambaye moshi wa miaka mingi ulikuwa umemkwaruza sauti, alirudi na mizani ya ndoano aliyoiazima kwa muuza mkaa wa mtaa wa pili. Wakautundika mtungi kwenye boriti iliyosalia, wakainama kusoma.

"Kumi na mbili na nusu," alisema Sajini. "Mtungi mtupu ni kilo saba, imechongwa hapa shingoni. Gesi yake kilo sita. Jumla kumi na tatu."

"Kwa hiyo imetoka nusu kilo."

"Nusu kilo tu."

"Muuzaji anasema aliupeleka hapa mwenyewe Jumapili. Nyumba ikalipuka Jumatano alfajiri." Inspekta aliandika. "Siku tatu za kupika, watu wawili. Nusu kilo ni ya chai na ugali. Hapa hakuna kilichovuja."

Sajini alijikuna kidevu. "Wifi mtu anasema kilivuja. Tena kwa kuachiwa makusudi."

Wifi mtu alikuwa ameshasema mengi. Katika nyumba hii walikuwa wakiishi wanawake wawili: bibi mzee na mkwe wake, mke wa mwanawe. Mwana mwenyewe alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu. Jumatano saa kumi na mbili na nusu mkwe aliwasha kiberiti jikoni, nyumba ikaruka. Yeye alirushwa nje kupitia mlango wa uani, mikono ikaungua. Ukuta wa chumba cha mama mkwe ulianguka ndani, ukamfunika mzee kitandani. Kabla vumbi halijatulia, binti wa marehemu, huyo wifi mtu, alikuwa kituoni akitoa maelezo: wifi yake na mama walikuwa paka na panya, Jumanne jioni majirani walisikia wakirushiana maneno, na wifi yake alifungua mtungi makusudi. Tangu hapo mkwe alikuwa hospitali, pingu imemfunga na chuma cha kitanda. Mkuu wa kituo alitaka jalada liwe kwa mwendesha mashtaka Jumatatu.

"Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua kitu," alisema Inspekta. "Gesi ya mtungi ikivuja inakwenda wapi?"

"Chini. Ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni kama maji. Ikiwaka, inaanzia magotini. Miguu ndiyo huungua kwanza."

"Mkwe ameungua mikono na uso. Miguu mizima. Alikuwa na kandambili za plastiki, hazikuyeyuka." Inspekta alionyesha kwa rula. "Ile ndoo chini ya meza haina hata alama. Na pazia hili?"

Sajini alilishika pazia la jikoni. Nusu ya juu ilikuwa jivu. Chini, maua yake ya bluu yalikuwa kama yalivyotoka dukani. Inspekta alipima masizi ukutani: yalianzia mita moja na sentimita themanini, kisha yakapanda hadi ilipokuwa dari, iliyokuwa imefumuka yote na kutupwa uani.

"Huu moto ulianzia darini," alisema Sajini polepole.

"Na gesi ipi hukaa darini?"

Sajini aligeuza shingo, akatazama nje kupitia pale palipokuwa na ukuta wa chumba cha marehemu. Nyuma ya nyumba kulikuwa na uchochoro, na ng'ambo ya uchochoro ukuta mrefu wa saruji. Juu ya ukuta ule ulionekana mgongo wa kijivu wa dampo la mji, mkubwa kama kilima, na mawingu mazito yameukalia.

Walitoka hadi uchochoroni. Nyumba saba zilipangana hapo, zote zikiupa ukuta wa dampo kisogo. Kijishamba cha mchicha cha marehemu kilikuwa kimenyauka, majani ya njano, ingawa udongo ulikuwa bado na unyevu wa mvua kubwa ya Jumatatu. Kando yake kulikuwa na bomba fupi la chuma lililochomoza ardhini, lina kifuniko chekundu. Hatua mbili kutoka bomba hilo maji ya mvua yalikuwa yametuama, na katikati ya dimbwi vipovu vilikuwa vikipanda kimoja kimoja, kama chungu kinachoanza kuchemka.

Inspekta alitia kidole. Maji yalikuwa ya baridi.

"Una kipimo cha gesi?"

"Cha kituo chetu kiliharibika mwaka juzi. Tumeomba kingine. Tunaendelea kuomba." Sajini alichukua chupa tupu ya maji, akaijaza dimbwini, akaigeuza kichwa chini juu ya vipovu. Walichutama kimya robo saa nzima, watu wazima wawili wenye sare wakitega vipovu, mpaka maji yote yakasukumwa nje. Sajini aliiziba kwa kidole gumba, akaenda nayo mbali hadi barabarani, akawasha kiberiti mdomoni mwa chupa.

*Fup!* Mwali mwembamba wa bluu, karibu usionekane, ukazama ndani ya chupa na kutoweka.

"Na hainuki," alisema Inspekta.

"Udongo umeichuja harufu. Hata isingechujwa, watu wa hapa pua zao zimeshazoea uvundo wa dampo. Hii ni gesi ya takataka, afande. Taka zikioza chini kwa chini ndizo zinazoitoa. Nyepesi hii, inapanda. Imepita chini ya ukuta, ikaingia kwenye ufa wa sakafu, ikajazana darini." Alikohoa. "Ila miaka yote dampo lipo na nyumba zipo. Kwa nini wiki hii?"

"Twende tukaulize wenye dampo."

*

Juu ya dampo kulikuwa na visima kumi na viwili vya gesi. Havikuwa visima vya kutazamwa mara mbili: mabomba ya plastiki yaliyochomekwa kwenye takataka, kila moja na koki yake, yote yakiungana na bomba moja kuu. Bomba kuu lilikwenda hadi kwenye mlingoti wa chuma wenye urefu wa mtu na nusu, ambao watu wa mradi waliuita mwenge, maana gesi yote iliyotolewa ardhini ilitakiwa kuunguzwa mdomoni mwake mchana na usiku huku ikipimwa.

Mlinzi wa visima, mzee mwenye koti la mvua lililomzidi, aliwapeleka kwenye ofisi ya kontena.

Injinia alisimama kuwapokea. Shati safi, macho mekundu. Ukutani alikuwa amebandika ramani ya mitaa ya jirani, na juu yake amechora taa ndogo ndogo kwa kalamu ya njano.

"Poleni na kazi. Poleni na msiba wa jirani zetu," alisema. "Mimi ningewashauri mtazame wezi. Watu wa uchochoro ule wanachomeka mipira kwenye mabomba yetu, wanavuta gesi ya kupikia bure. Nimeshalalamika."

"Tumekagua nyumba yote, ndani na nje," alisema Inspekta. "Hakuna mpira. Na mtu mwenye gesi ya bure hanunui mtungi Jumapili. Mradi wenu ni wa nini hasa?"

"Upembuzi yakinifu. Yaani tunapima kama gesi ya dampo inatosha kuzalisha umeme. Ikitosha, tunaweka jenereta. Soko linapata taa, zahanati inapata friji ya chanjo, kisha nyumba moja moja. Miezi mitano sasa tunapima."

"Naomba daftari la vipimo."

Alimpa. Inspekta alisoma akiwa amesimama. Kila siku ilikuwa na mstari wake, na kila mstari uliishia kwa maneno yaleyale: mwenge unawaka, hakuna hitilafu.

"Mwenge unawaka hata sasa?"

"Unawaka. Moto wa gesi huuoni mchana. Jua linaumeza."

"Leo hakuna jua."

Injinia alitazama dirishani, kana kwamba anga lilikuwa limemsaliti.

"Na kuna kunguru ameketi mdomoni mwake," aliongeza Inspekta.

"Basi utakuwa umezimika jana. Upepo."

Inspekta alitoka nje. Alisimama chini ya mlingoti, kunguru akaruka akilalamika. Alipima kwa rula, akaandika, akamwita Injinia asogee.

"Mambo ya gesi siyajui," alisema. "Ya kunguru nayajua, wamenichafulia sare miaka ishirini. Tazama kinyesi chao. Hiki cha juu ni kikavu, kimekaa kama kilivyodondoka. Hiki cha chini yake kimeoshwa, kimechuruzika hadi sentimita arobaini. Kimeoshwa na nini?"

Injinia alijisogeza karibu, akatazama.

"Na mvua. Wiki hii mvua imenyesha mara moja tu, Jumatatu. Kwa hiyo kabla ya Jumatatu kunguru walikuwa wanakaa hapa, tena kwa siku kadhaa, wamestarehe. Ndege hakai juu ya moto. Daftari lako linasema mwenge uliwaka. Nimwamini nani, wewe au kunguru?"

"Afande, hapo kuna mambo ya kitaalamu..."

"Mzee," Inspekta alimgeukia mlinzi. "Koki hizi anashika nani?"

Mlinzi alikunja mikono ndani ya koti lake. "Ni mimi. Nikiambiwa funga, nafunga. Nikiambiwa fungua, nafungua. Mimi sina elimu ya hivyo vitu."

"Uliambiwa funga lini?"

Mzee alimtazama Injinia, kisha akaangalia viatu vyake. "Jumanne ya wiki ile nyingine. Zote kumi na mbili."

"Ukaambiwa fungua lini?"

"Bado, mama. Bado zimefungwa."

Sajini wa zimamoto alitukana. Alimshika mlinzi bega, na wote wawili wakaondoka mbio kuelekea visimani, Sajini akipiga kelele kwenye redio yake: nyumba zote saba za uchochoro zitolewe watu, jiko lolote lizimwe, asiwashe mtu hata sigara.

Inspekta alibaki na Injinia chini ya mlingoti. Injinia alikuwa ameketi juu ya tairi bovu bila kuambiwa.

"Kwa nini?"

"Gesi haitoshi," alisema Injinia. "Nimejua tangu mwezi wa tatu wa kupima. Dampo lina kina kifupi, na nusu ya taka iliungua zamani. Nilitegemea soko zima na zahanati. Nilichopata ni cha kuendesha jiko la mgahawa mmoja."

"Ungeandika hivyo."

"Ningeandika hivyo, mradi ungekufa siku hiyohiyo, na mitaa hii ingebaki gizani miaka kumi mingine. Wageni wa kuamua walikuwa waje Alhamisi, wakaahirisha baada ya mlipuko. Ukifunga koki kwa siku tisa, presha inajikusanya. Ukizifungua mbele yao, mwenge unapanda mita tano. Wangeona kwa macho yao. Baadaye tungechimba visima vingine virefu zaidi, tungepata. Naamini tungepata."

"Gesi uliyopanga kuifungia siku tisa, ulidhani inafanya nini?"

"Nilidhani itangoja."

"Haikungoja."

"Mvua ilishindilia udongo wa juu. Ikakosa pa kutokea." Alipitisha kiganja usoni. "Ikaenda pembeni."

"Pembeni kuna nini?"

"Nyumba."

Kutoka mbali walisikia mluzi mrefu, kisha wa pili. Sajini na mlinzi walikuwa wakifungua koki. Hewa yenye uvundo wa mayai yaliyooza ikawapitia.

Inspekta alifungua upya daftari la vipimo. "Nyuma ya nyumba ya marehemu kuna bomba lenye kifuniko chekundu. Ni lenu?"

"Ni la tahadhari. Linaonyesha kama gesi imevuka ukuta."

"Hapa linasomwa kila Jumanne. Sifuri, sifuri, sifuri, wiki zote. Jumanne hii nafasi yake iko tupu. Hukwenda?"

"Nilikwenda."

"Ulisoma nini?"

"Thelathini na nane kwa mia."

"Sajini ameniambia tano inatosha kulipua. Ni saa ngapi ulisoma?"

"Saa nne asubuhi."

Inspekta alihesabu kwa vidole, bila haraka. "Saa ishirini na nusu. Ulikuwa nazo saa ishirini na nusu. Kutoka bomba lile hadi mlango wao wa nyuma ni mita tisa. Hukugonga?"

"Hapakuwa na haja ya kugonga," alisema Injinia. "Bibi alikuwa nje. Ameketi kwenye kigoda anachambua mchicha wake, anatupa majani ya njano. Alinisalimia. Aliniita mwanangu. Akaniuliza umeme utawafikia lini."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia bado kidogo."

Inspekta alifunga daftari. Alitaka kuandika, lakini hakukuwa na cha kupima katika jibu hilo. Alimsimamisha Injinia kwa kumshika kiwiko, akamweleza haki zake kwa sauti ileile aliyotumia siku zote, akampeleka kwenye gari.

*

Wodi ya wanawake ilikuwa na vitanda kumi na feni moja isiyozunguka. Mkwe alikuwa cha mwisho, karibu na ukuta, mikono yote miwili imefungwa bandeji hadi viwikoni. Walikuwa wamemfunga pingu ya mguu, kwa kuwa mikono haikufungika. Konstebo wa zamu aliketi miguuni pake. Wifi yake alisimama dirishani, kanga nyeusi mabegani; alikuwa ameitwa na Inspekta, na hakutaka kukaa.

"Mfungue," Inspekta alimwambia konstebo.

Pingu ilitoa mlio, kisha ikatoka. Mkwe hakuusogeza mguu.

Inspekta aliwaeleza wote wawili kwa mpigo, maneno machache: visima, koki, mvua, ufa wa sakafu, dari. Alisema mtungi ulikuwa mzima. Alisema mtu aliyezifunga koki amekamatwa na amekiri. Wifi mtu alisikiliza akiwa amekunja uso, kama mtu anayesomewa barua kwa lugha asiyoielewa vizuri.

"Kwa hiyo si mtungi," alisema mkwe.

"Si mtungi."

"Siku tatu nimelala hapa najaribu kukumbuka kama niliufunga." Aliongea huku akitazama juu. "Kuna saa nakumbuka niliufunga. Kuna saa nakumbuka sikuufunga."

"Ulikuwa umefungwa. Nimeukuta hivyo."

"Na kichwa?"

"Kichwa gani?"

"Mama alilalamika kichwa wiki nzima. Kila akiamka, kichwa, kizunguzungu, akikaa nje kinapoa. Nikamwambia anadeka. Jumanne jioni ndiyo hiyo tuliyogombana, majirani wakasikia. Aliniomba tukalale kwa wifi siku mbili tatu, chumba kile kinamsumbua. Nikamwambia, Mama, mimi nimechoka, sitoki usiku kubeba magodoro kwa sababu ya kudeka kwako." Akamgeukia Inspekta. "Ilikuwa ni hiyo gesi?"

Inspekta alimtazama konstebo, konstebo akatazama sakafu.

"Ndiyo," alisema Inspekta. "Ilikuwa ni hiyo."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani aliacha kujipepea. Mkwe alitikisa kichwa mara moja, kama aliyepokea kitu alichokuwa anakisubiri.

"Mnamzika lini? Sasa nimefunguliwa, naweza kusimama. Daktari akininyima ruhusa nitatoka hivihivi."

Wifi yake aligeuka kutoka dirishani.

"Tulimzika jana."

"Jana?"

"Waliuliza kama wakulete na askari, uone tu. Nikakataa. Nilisema ukikanyaga pale nitakufukuza mbele za watu."

Mkwe alitazama mikono yake iliyofungwa. Kisha akajigeuza taratibu, kwa kutumia viwiko, akaelekea ukutani. Mabega hayakutikisika.

Inspekta alivuta stuli hadi karibu na dirisha, akaweka karatasi safi na kalamu kwenye ukingo wa dirisha.

"Kaa," alimwambia wifi mtu. "Yale maelezo uliyotoa Jumatano siwezi kuyatumia. Nahitaji mengine, kwa mkono wako."

Wifi mtu aliketi. Alishika kalamu.

"Niandike nini?"

"Ulichokiona."

"Nilifika moto umeshazimwa." Sauti yake ilikuwa ndogo sasa, na hakumtazama aliyelala kitandani. "Sikuona kitu."

"Basi andika hivyo."